Kisigino cha Kushoto na Safari ya Mdogo Wangu

Mdogo wangu alisema maneno yale akiwa anapepeta mchele, wala hakuinua uso.

"Yaya, kama iyi mguu haiponi, mi siendi."

Yaya, kwetu, ni dada mkubwa. Kisha akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje ya mlango, akaendelea kupepeta.

Walikuwa wamekwisha kupimwa afya, yeye na mumewe na watoto wao wawili. Mahojiano yalikwisha, picha zilikwisha, alama za vidole zilikwisha. Kilichobaki ni tarehe ya ndege ya kuwahamishia ng'ambo. Hapa Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi, mtu aliyefika hatua hiyo hasemi tena kwa sauti kubwa. Hagombani na jirani, hapandi baiskeli, hali chakula asichojua kimepikwa na nani, akichelea jambo lolote litakalorudisha faili lake nyuma. Na huyu wangu alikuwa ananiambia kwamba safari yote hiyo ataiacha kwa sababu ya kisigino changu cha kushoto.

Shemeji yangu alikuwa amekaa palepale kwenye kigoda. Ni mtu wa maneno machache, na ameisubiri safari hiyo tangu kabla hajaota mvi. Aliutazama mguu wangu. Kisha akanitazama mimi, jinsi dereva anavyomtazama mbuzi aliyelala katikati ya barabara.

Ningejua mdogo wangu anatania, nisingejali. Lakini mimi ndiye niliyemlea, namjua. Mama yetu alifia Kindu, kwetu Kongo, yeye akiwa hajamaliza kuota meno ya utotoni. Vita vilipotukuta nilimfunga mgongoni kwa kitenge nikaondoka naye, na tulipofika Malawi alikuwa anatembea mwenyewe na kuwajibu watu wazima kwa ukali, tabia ambayo watu husema kaitoa kwangu. Siku tuliyopewa nsima, ugali wa huku, kwa mara ya kwanza, alisema hali kitu cheupe namna ile. Nilidhani njaa itamfundisha. Alikaa siku mbili. Siku ya tatu ni mimi niliyezunguka kutafuta muhogo. Kwa hiyo aliposema haendi, nilijua haendi, na nilijua pia kwamba anayekataa tarehe hapewi nyingine kwa urahisi. Wapo waliokataa mara moja kwa sababu ya msiba, na mpaka leo tunakutana nao bombani.

Yeye yuko kwenye karatasi ya mumewe. Mimi niko kwenye karatasi yangu. Mahali pa ukubwa wa familia wameandika: moja.

Sasa kisigino chenyewe. Kilianza kama mchezo, nikiamka kwa sala ya alfajiri. Nilipoweka mguu chini, nilihisi nimekanyaga msumari. Nikawasha taa ya simu nikatafuta msumari, sikuuona. Hatua ya pili ikawa msumari tena. Nikifika ya ishirini maumivu yanalegea, mchana yanatulia, na nikikaa kidogo kisha nikainuka yanarudi mapya. Baada ya miezi miwili nilikuwa natembea kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Watu wa Dzaleka hawakosi dawa. Mmoja alisema niloweke mguu kwenye maji ya moto na chumvi, nikaloweka, nikapata mguu safi. Mwingine alisema nimekanyaga kitu nilichotegewa na mwanamke mwenzangu wa sokoni, na alikuwa tayari kumtaja jina. Lakini wengi hawakuleta dawa. Wengi walileta pongezi.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu Mrundi, muuza nyanya, mwanamke mwema ambaye tumepakana ukuta kwa miaka mingi. Alikuja na nyanya tatu mkononi.

"Mama, hongera."

"Hongera ya nini?"

"Si we uko na kesi ya ugonjwa sasa? Bantu bote banasema."

"Mguu inaniuma tu, mama."

"Njo vile bote banasemaka mwanzo," alisema, akanikonyeza, akaniwekea nyanya mlangoni.

Lazima nieleze. Kwetu hapa ugonjwa mkubwa unaweza kusogeza faili la mtu mbele, na ugonjwa mdogo unaweza kulirudisha nyuma, na hakuna anayejua kwa hakika mpaka ni upi. Kwa hiyo kila maradhi huchunguzwa na mtaa mzima kwa jicho la kitaalamu. Walionizunguka waliamua kwamba mchechemeo wangu ni mpango, tena mpango mzuri. Alikuja mzee mmoja akaniomba nitembee mpaka kwenye kona na kurudi. Nikatembea. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniuliza naanza kuchechemea asubuhi tu, au nikiwa peke yangu ndani pia huwa nafanya mazoezi. Tangu nifike kambini sijawahi kuwa na kitu kinachotamaniwa na watu kiasi hicho, nami nilikuwa nahangaika namna ya kukiondoa.

Zahanati ya kambini ilinipa panadol mara tatu. Mara ya nne ilinipa karatasi ya rufaa, niende hospitali ya Lilongwe, chumba cha mazoezi ya viungo.

Siku ya kwenda nilifanya kama mfanyabiashara yeyote angefanya: sikuipoteza safari. Mimi nauza vitenge sokoni kambini. Nilishukia Old Town, nikaingia kwenye maduka ya jumla ya Wahindi, nikafunga robota langu, nikalitwika kichwani, nikapitia mtaa wa Mchesi kumwachia fundi cherehani vipande alivyoniagiza, kisha nikaenda hospitali kwa mguu. Nilifika kisigino kinawaka. Nilijisifu moyoni kwamba sikupanda kabaza, baiskeli ya abiria.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa Kimalawi wa umri wangu, mfupi, mikono minene, raba nyeupe miguuni. Aliniita "amayi", yaani mama, tangu salamu mpaka kwaheri, na hakuna hata mara moja neno hilo lilipotoka mdomoni mwake kama la kubembeleza. Tuliongea Kichewa. Kichewa changu ni cha sokoni. Najua kusifu kitambaa, najua kukataa, najua kuuliza kama gari linaondoka sasa hivi au linadanganya. Mambo ya ndani ya mwili sikuwahi kuyauza. Kwa hiyo aliongea polepole, akionyesha kwa vidole, nami maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Tembea nikuone," alisema.

Nikainama, nikachukua robota langu, nikalitwika.

"Weka chini huo mzigo."

Nikamwambia mimi hutembea hivi. Amesema anataka kuona ninavyotembea, basi ndivyo ninavyotembea. Alinitazama kidogo, akaona labda asibishane na mtu saa nne asubuhi.

"Haya. Nenda."

Nilikwenda mpaka dirishani, nikarudi. Alikunja uso.

"Amayi, karatasi inasema unachechemea."

"Ninachechemea."

"Mbona huchechemei?"

Akaniambia niweke robota, nitembee tena. Nikachechemea vizuri sana, mpaka mgonjwa aliyekuwa kitanda cha jirani akanipa pole, "pepani". Nikatwika tena, nikanyooka. Yule mtaalamu alicheka, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona akicheka. Akanieleza kwamba mtu aliyezoea kubeba kichwani, shingo yake haimruhusu kuchechemea, maana akiyumba mzigo unaanguka. Kwa hiyo mwili unanyooka kwa nguvu, na uzito wote, wa mtu na wa mzigo, unashukia kisigino kinachouma. Ndiyo kusema, alisema, unapoonekana mzima ndipo unapojiumiza zaidi.

Nakiri kwamba nilisikia nusu ya kwanza tu.

Alichukua bandeji ya kuvutika, akaishika ncha moja kwenye kisigino changu na nyingine chini ya vidole. Chini ya wayo, alisema, kuna utepe kama huu. Umechoka, una vidonda vidogo. Usiku unajikunja. Asubuhi unapokanyaga ghafla, unauchana upya. Dawa yake ni kuuvuta kidogo kidogo kabla ya kusimama, na kuufundisha kubeba tena. Nikamuuliza utapona lini. Akasema miezi mitatu, pengine zaidi. Nikamuuliza kama haiwezi kuwa wiki tatu.

"Chidendene hakina haraka, amayi."

Chidendene ndicho kisigino. Nikamwambia kama chenyewe hakina, mimi ninayo.

Akanifundisha. Asubuhi, kabla ya kushuka kitandani, nivute vidole vya mguu kuelekea kwangu, nihesabu kumi, nirudie mara kumi. Nisimame nimeegemea ukuta, mguu mbaya nyuma, kisigino chini, mpaka shavu la mguu livutike. Niviringishe chupa ya maji yaliyoganda chini ya wayo. Nisimame kwenye ngazi kwa vidole, nikiwa nimeweka taulo iliyokunjwa chini yake, nipande polepole na kushuka polepole. Nikamwambia nyumba yetu haina ngazi, wala ya jirani, wala ya jirani yake. Alifikiri, akaniuliza kama tuna matofali. Matofali tunayo. Mwisho akaishika kandambili yangu kwa vidole viwili, akaikunja mara mbili kama chapati, akaniuliza hiki ni nini. Nikasema kiatu. Akasema hapana.

Njiani kurudi sikuwaza utepe wala taulo. Niliwaza jambo moja: nikiwa na mzigo kichwani, sichechemei.

Mwezi uliofuata sikuonekana mbele ya mdogo wangu kichwa kitupu. Nilikwenda kwake na ndoo ya maji. Nilikwenda na gunia la mkaa. Nilikwenda na robota la vitenge nikisema natoka sokoni, na kesho yake na robota lilelile nikisema naenda. Nilipofika nilitua mzigo na kukaa hapohapo, nikiondoka nilitwika kwanza ndipo nikapiga hatua. Aliuangalia mguu wangu kila mara, na kila mara ulikuwa umenyooka.

"Yaya, inapona kweli!"

"Si nilikuambia?"

Shemeji alianza kunisalimia kabla sijamsalimia. Siku moja alinichagulia muwa mzuri, akaumenya mwenyewe. Kuna asubuhi nilikuwa napita mtaani mikono mitupu, nikamwona mdogo wangu anakuja kwa mbali. Palikuwa na tofali limelala kando ya ukuta wa mtu. Nililiokota, nikaliweka kichwani. Akaniuliza tofali la nini. Nikamwambia la mazoezi, kaniagiza mtaalamu. Haukuwa uongo kabisa. Lile tofali nililibeba mpaka nyumbani, na mwenyewe alikuja kulidai jioni.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilidhani hawakukusudia kisigino. Asubuhi moja niliweka mguu chini nikashindwa kabisa. Nilitambaa mpaka kwenye birika la udhu, nikasali nimekaa, na nikiwa nimekaa nililia kwa hasira. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa sala ile, maana nusu yake nilikuwa nautukana utepe.

Nilirudi Lilongwe. Yule mtaalamu alibonyeza kisigino kwa kidole gumba mara moja tu, nikaita jina la Mwenyezi Mungu hadi watu wakageuka.

"Unabeba nini?" aliuliza.

Nikamwambia sibebi. Akabonyeza tena.

Basi nikamweleza yote: mdogo wangu, tarehe ya ndege, mkaa, tofali. Alinisikiliza bila kuandika kitu. Nilipomaliza aliifunga kalamu yake.

"Amayi, unataka mdogo wako asafiri, au unataka aamini umepona?"

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Akiondoka akiwa ameamini uongo, siku moja atapigiwa simu kule aambiwe huwezi kusimama. Atafanya nini kutoka kule?"

Sikupenda mtu mgeni anijulie mdogo wangu kuliko mimi. Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa kuwa alisema kweli. Akanipa masharti: wiki sita bila kubeba kitu chochote kichwani, hata sahani. Raba miguuni, hata ndani ya nyumba. Na nimwambie mdogo wangu. Nilimuuliza kama hilo la mwisho nalo ni sehemu ya matibabu. Akasema nisipolifanya nisimpotezee kitanda.

Jioni ile nilitembea kutoka kwangu mpaka kwake, kichwa kitupu. Si mbali, lakini ilikuwa ndefu. Alikuwa anachambua matembele mlangoni. Aliniona tangu kwenye kona, akaacha mboga, akaanza kuhesabu hatua zangu kwa macho. Nilipofika hakunikaribisha kukaa.

"Yaya, ulinidanganya."

"Ndiyo."

"Tangu siku gani?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Na mi nilijua," alisema. "Ile tofali, mi nilijua iko na kitu."

Shemeji aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi mpaka saa ya chakula. Sikumlaumu. Ningekuwa yeye ningerudi na tofali.

Tuligombana vizuri, mimi na mdogo wangu. Nilimwambia hana haki ya kuwanyima watoto wake maisha kwa sababu ya mguu wa mwanamke mzima. Akaniambia mwanamke mzima hatambai kwenda kwenye udhu. Jirani Mrundi alikuwa amenisikia ukutani na amemweleza. Nilimwambia nitapata mtu wa kunichotea maji.

"Nani?" alisema. "Taja jina."

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na watu wa kusalimiana, watu wa kukopeshana chumvi, watu wa kuzikana. Wa kunichotea maji kila siku, jina halikuja. Hapo ndipo aliposhusha sauti, akaniuliza yule mama wa hospitali anasema nini. Nikampa karatasi yenye michoro. Aliisoma mbele na nyuma.

Kuanzia kesho yake alikuja kila siku baada ya sala ya alasiri. Robota langu la sokoni alilibeba yeye. Chupa ya maji iliyoganda aliichukua kwa muuza soda mwenye friji, akaileta imefungwa kwenye kanga isiyeyuke. Matofali mawili aliyapanga mlangoni, akayajaribu kwa mguu wake kama yanatikisika, kisha akaketi kwenye mkeka na kunisimamia. Alihesabu yeye. Alihesabu polepole kuliko saa yoyote duniani, na nikilalamika alisema nimempotezea hesabu, akaanza upya kwenye moja. Nilimfundisha kuhesabu mimi mwenyewe, kwa punje za mahindi, wala sikumfundisha ufisadi huo.

Mtu akiwa amesimama kwa vidole juu ya tofali hana pa kukimbilia, na mdogo wangu alilijua hilo. Aliniuliza maswali ambayo kwa miaka yote hakuwahi kuuliza. Mama alikuwaje? Alicheka kwa sauti au kwa tumbo? Nani kati yetu amefanana naye?

"Mi simkumbuke sura," alisema siku moja, akitazama chupa. "Nikitaka kumuona, nakuona we."

Nilimwambia masikio ni ya mama, yale yale, na hasira pia. Nilimwambia mama alikuwa akiuza samaki wa kukaushwa na alikuwa hapendi kushikwashikwa na wateja wasionunua. Nilimwambia mambo mengine ambayo nilidhani nimeyasahau. Mazoezi ya dakika ishirini yakawa yanakula saa nzima, mara nyingine mpaka adhana ya magharibi. Katika wiki zile nilikuwa na furaha. Naandika hivyo waziwazi kwa kuwa yeye sikumwambia.

Mguu nao, bila kuniuliza, ukaanza kupona. Msumari ukawa kokoto. Kokoto ikawa kitu kama mshono wa soksi. Wiki ya tano, Ijumaa, niliamka alfajiri, nikavuta vidole mara kumi, nikaweka mguu chini na kukaza meno kama kawaida. Hakuna kitu. Nikapiga hatua ya pili. Hakuna. Nilizunguka chumba chote gizani nikikitafuta kile nilichokichukia nusu mwaka, sikukipata. Nikarudi kukaa kitandani.

Alasiri mdogo wangu alipokuja na chupa yake, alinikuta nachechemea.

Nilichechemea Ijumaa, nikachechemea Jumamosi. Jumapili nilikosea mguu, nikachechemea kwa wa kulia, nikajirekebisha kabla hajaona. Yule mzee aliyekuja kuchukua somo angeona haya kuwa na mwalimu kama mimi. Jumanne majina ya wanaosafiri yalibandikwa, na jina la shemeji yangu lilikuwemo. Wangeondoka baada ya siku tisa.

Alikuja bila chupa. Alikuja na mumewe, na mumewe alisimama nje akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Yaya," alisema, "kesho kule ofisi banataka jibu. Niambie kweli. Iyi mara kweli."

Ningeweza kukaa kimya tu. Nilitazama kofia ile inavyozungushwa mikononi.

"Nimepona tangu Ijumaa," nikasema.

"Ulinidanganya tena."

"Ndiyo."

"Yaya, we uko mtu wa namna gani?" Kisha akakaa chini kwenye mkeka, akajifunika uso kwa kitenge, na akalia kama alivyokuwa akilia mgongoni mwangu njiani, bila sauti, mabega tu. Shemeji aliingia. Alitaka kusema kitu. Mwisho alinishukuru, neno moja, akaenda kusimama nje tena.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Kwetu mgeni hatoki peke yake. Anayekwenda safari husindikizwa, tena kwa miguu, na anayesindikizwa ndiye anayesema mahali pa kuagana. Akisema "rudi sasa", unarudi. Nusu ya mtaa ilitufuata mpaka mahali ambapo basi la wasafiri husimama. Jirani Mrundi alikuwepo na nyanya kwenye mfuko, ingawa alijua haziruhusiwi kwenye ndege. Mdogo wangu alikuwa amevaa mfuko wa karatasi zao shingoni, kama wote, na alikuwa ananishika mkono kwa nguvu hadi pete yake ikaniumiza.

Majina yaliitwa. Mumewe akapanda na watoto. Yeye akabaki chini, mguu mmoja kwenye ngazi ya basi.

"Yaya, rudi sasa."

"Nitasubiri basi liondoke."

"Hapana. Rudi sasa, mi nikuone. Nikuone unatembea mpaka kule kwa ile kona. Njo nitajua." Sauti yake ilikuwa ile ya nsima. "Kama unachechemea, hata kidogo, mi nashuka."

Nilimkumbatia. Nilimshika yale masikio ya mama, yote mawili, kama nilivyozoea kufanya akiwa mdogo. Kisha nikageuka, nikampa mgongo, nikaanza kwenda.

Kutoka pale mpaka kwenye kona ni hatua mia moja na kitu. Mguu haukuwa na neno. Kisigino kilishuka, wayo ukafuata, vidole vikasukuma, kama nilivyofundishwa. Watu walinipisha wakaniachia njia katikati, nami niliyahisi macho yake kwenye kisigino changu cha kushoto kila kiliponyanyuka. Nilijua kwamba hatua moja mbovu inatosha. Moja tu. Angeshuka akikimbia, na jioni angekuwa mlangoni kwangu akihesabu. Nasema kweli mbele ya Mungu kwamba niliitaka hatua ile. Niliitaka katika kila hatua niliyopiga.

Nyuma yangu nilisikia mlango wa basi ukifungwa, injini ikipandisha sauti, watu wakianza kupiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Sikugeuka kuona amekaa dirisha lipi. Alikuwa ananitazama, na nilitembea vizuri.